Kibati Hakiombwi

"Hivi inakuwaje marehemu ana biskuti yake mtini, na huyu anayezioka hana?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu wa mlango wa pili, wiki moja kabla ya Krismasi, amesimama mlangoni kwangu na utepe wa kupimia nguo shingoni. Yeye ni mshonaji, na mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ukimkaribisha kiti anasema, "Sikai, napita tu," halafu anapita hapo hapo mlangoni saa nzima.

Siku hiyo nilikuwa nimetandika kitambaa safi mezani na kuvipanga vibati vikauke. Hivyo ndivyo vya kukatia biskuti. Kibati ni ukanda mwembamba wa bati uliokunjwa hadi ukawa umbo fulani. Ukiukandamiza kwenye unga uliokandwa na kusukumwa, inatoka biskuti yenye umbo hilo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi bati, na vyote hivyo vilitoka katika karakana yake. Kila aliyezaliwa nyumba hii, na kila aliyeingia kwa ndoa, alipata chake. Mkesha wa Krismasi tunaoka, tunatoboa kila biskuti tundu juu kabla haijakauka, tunapitisha uzi na kuitundika mtini. Kila mtu na yake. Krismasi ikipita anaishusha mwenyewe na kuila.

Marehemu hakuchagua umbo kwa kuuliza. Alimtazama mtu mwaka mzima, kisha akatengeneza kile alichokiona. Changu ni taa, kwa kuwa nilipoolewa nilikuwa naamka mara tatu usiku kuangalia kama taa imezimwa. Cha binti yangu mkubwa, ambaye ni nesi, ni kengele, na ukimsikia akiita watu waje kula hutauliza kwa nini. Mumewe ni dereva, kwa hiyo kwake likaja gurudumu. Kijana wangu, mwalimu, alipewa samaki, maana tangu utotoni akisikiliza jambo anaacha mdomo wazi. Mjukuu wangu, binti wa Nesi, ana kondoo. Kusema kweli yule ni mbwa, lakini marehemu alisema ni kondoo, tukakubali. Na cha sita ni nyundo, cha marehemu mwenyewe. Mwaka huu ni wa nne tangu atutoke, na nyundo yake tunaioka na kuitundika kama kawaida.

Anayeoka ni mkamwana wangu, mke wa Mwalimu. Tunaishi naye nyumba moja, mimi, yeye na mumewe, na ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Aliingia nyumbani mwaka mmoja baada ya msiba. Hii ni Krismasi yake ya tatu kwetu.

Sasa Redio alipouliza swali lile, Mkamwana alikuwa pale pale mezani nasi. Tulikuwa tunatengeneza mapambo. Mwalimu huwa anatuletea daftari kuukuu za shule, tunakata kurasa vipande na kuvigundisha kuwa mnyororo mrefu wa kuzungusha dirishani. Ukiutazama vizuri unaona "Rudia" na "Mwandiko mbaya" kwa wino mwekundu. Nyota tunazikata kwenye ile karatasi ya kung'aa inayotoka ndani ya pakiti za majani ya chai. Mkamwana alikuwa anazitunga nyota hizo kwenye uzi.

Akacheka. "Shangazi, si mimi ndiye ninayeshika uzi? Nikining'inia mtini nami, nani atafunga?"

"Haya, mmemsikia!" Redio akasema. "Ana mdomo huyu, hongera yake."

Tukacheka sote. Lakini mimi nina macho. Nilimwona akichomeka uzi kwenye tundu la sindano akakosa, akalamba uzi, akakosa, akakosa tena. Na huyu ni mtu anayeunganisha nyaya nyembamba kama unywele siku nzima.

Jioni alinifuata jikoni, nachambua mchele.

"Mama, mwaka huu naomba Krismasi niende kwetu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Ni kuwasalimia tu. Nitawaokea biskuti asubuhi ya mkesha, halafu nipande basi la saa nane mchana."

"Mama yako anasemaje?"

Akatabasamu kidogo. "Ameniuliza nimegombana na nani."

"Na umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, mama."

Na ni kweli. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu mliyegombana naye mnaweza kupatana. Huyu hakuwa na kosa wala kinyongo. Alikuwa tu anajiondoa kama mgeni mwenye adabu aliyeona muda umefika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulimpa. Kiti hatukumpa.

Na kiti nasema kiti hasa. Meza yangu ina viti sita. Krismasi yake ya kwanza, Nesi alikuja na mumewe na mtoto, tukakaa, kikabaki kiti kimoja tu, cha marehemu, ambacho hakuna anayekikalia. Nesi ndiye mlinzi wake. Hata koti halitundikwi pale. Mkamwana akaenda kuchukua kigoda kilichokuwa uani, akakiweka kwenye mlango wa jikoni, akalia chakula hapo sahani ikiwa magotini. "Nipo sawa, mama, niko karibu na sufuria." Tangu siku ile hajatoka kwenye kigoda, hata siku tukiwa watatu na viti vinne viko wazi. Mguu mmoja wa kigoda hicho ni mfupi, kinayumba, kwa hiyo hukunja kipande cha boksi na kukiweka chini yake. Miaka miwili! Na mimi nikimtazama nilikuwa nasema moyoni, mtoto mnyenyekevu huyu, Bwana ambariki. Kila mwaka kanisani tunasomewa habari za wale waliokosa nafasi ya kulala, natikisa kichwa kwa huruma, kisha narudi nyumbani kula pilau yangu... hapana, niseme kweli, kula kuku wangu, mtu akiwa kwenye kigoda.

Kesho yake nikamkamata Mwalimu kabla hajatoka.

"Mke wako ana miaka mitatu hapa. Kwa nini hana kibati?"

Mdomo ukabaki wazi. Samaki yule yule. "Mama, mimi nilidhani wewe unamtazama kwanza."

"Miaka mitatu namtazama? Mimi ni polisi?"

"Sasa mimi ningejuaje? Baba ndiye alikuwa anafanya. Nikajua baada yake ni wewe."

"Na mimi nikajua ni wewe, mumewe! Yeye mwenyewe hajawahi kukuuliza?"

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia kabla hatujaoana. Nilimweleza habari za vibati, nikamwambia na sheria ya baba."

Sheria ya marehemu ilikuwa fupi: kibati hakiombwi, wala mtu hajitengenezei. Alisema ukikiomba kimeshakuwa bidhaa, na ukijitengenezea umejikaribisha mwenyewe. Hata nyundo yake hakuitengeneza yeye.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi namngoja mwanangu, mwanangu ananingoja mimi, Nesi sijui alikuwa anamngoja nani, na msichana wa watu, mwenye chuma cha kulehemu mkononi kila siku ya Mungu, ambaye angeweza kujitengenezea vibati ishirini kwa siku, ameishika sheria ya baba mkwe ambaye hakuwahi kumwona. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyeitii vizuri, na ndiye aliyekosa.

Nilipiga magoti. Nilipoinuka nikaenda kwenye sanduku la vifaa vya marehemu, lililofungwa tangu msiba, nikalifungua.

Miaka thelathini na moja nimemwona mwanamume yule akikata bati huku anapiga mluzi, nikadhani kazi yenyewe ni kupiga mluzi. Nilichukua kopo la mafuta ya kula, nikalikata ukanda kwa mkasi wake. Ukanda wa kwanza ulipinda kama nyoka. Wa pili ukanikata kidole. Wa tatu niliukunja kwa koleo vizuri kabisa, ila nilipomaliza nikakuta nimeukunja kinyume. Umbo nilishalijua: kigoda. Si ndicho nilichomwona nacho? Juu bapa, chini miguu. Nikasema marehemu angekuwepo angeona hicho hicho, labda angekiona mapema kuliko mimi.

Ukanda wa nne ukakubali. Nikauweka mezani, nikarudi nyuma nikautazama. Mguu mmoja ulikuwa umetoka mfupi. Nikachukua koleo niurekebishe, kisha nikakumbuka kigoda chenyewe, nikaacha.

Tatizo likabaki moja. Ncha mbili za ukanda lazima ziunganishwe kwa risasi ya kuyeyusha, la sivyo ukikandamiza unga umbo linafunguka. Mimi sijui kulehemu. Nyumba nzima anayejua ni mmoja.

Nikawaza njiani nitasema nini. Sipendi uongo siku yoyote, wiki ya Krismasi hasa. Nilipofika kibandani kwake, kuna mteja anasubiri simu yake, mzee wa makamo mwenye kofia.

"Mama! Umetembea na jua hili?"

"Kuna kitu kimeachia mdomo. Nifungie."

Akakipokea, akakigeuza. "Ni kibati?"

"Ni bati."

"Cha nani?"

"Cha nyumbani."

Akanitazama, akatazama kitambaa nilichofunga kidoleni. "Pole. Umejikata na nini?"

"Na haraka."

Hapo sikusema uongo hata neno moja, mnaweza kuhesabu. Akawasha chuma chake, akapaka dawa ya kulehemu, akadondosha risasi. Ilikaa kama tone la asali. Kisha akachukua msasa akalainisha kingo zote, taratibu, kama mtu anayekata kucha za mtoto, ili mwenye nacho kisimkate.

"Mama, samahani. Hili ni jino?"

"Wewe funga tu."

"Ni gego hilo," mzee wa kofia akasema. "La juu. Mimi liliniuma mwezi mzima."

"Upande huu ni mfupi," Mkamwana akasema. "Niunyooshe?"

"Uache. Ndivyo ulivyo."

Akanirudishia. Nilipouliza anadai nini akacheka, akasema familia hailipi. Nikaondoka haraka kabla sijajibu, maana neno hilo lilinichoma.

Mkesha ulipofika, begi lake lilikuwa mlangoni tangu alfajiri. Alioka kama alivyoahidi. Unga, siagi, sukari, mayai mawili na tangawizi ya unga, vyote anavipima kwa kikombe kilichovunjika mkono, cha marehemu. Mlango wa oveni yetu haufungi bila kuegemezwa mwiko. Nikamwambia anisukumie unga tu, kukata nitakata mwenyewe leo. Akashangaa, ila hakuuliza. Nikakata, nikatoboa, nikapanga sinia. Ile ya saba niliificha katikati ya biskuti za kawaida, zile za duara tunazokata kwa glasi.

Saa sita Nesi akaingia na mumewe na mtoto, na sauti yake ikaingia kabla yao. Mtoto akakimbilia mti. Mti wetu ni tawi tu lililosimamishwa kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, lakini ukishavaa nyota zake na mnyororo wake unajiona bwana harusi. Nilikuwa nimeshatundika zote.

"Bibi!" mjukuu akaita. "Nani ameng'oka jino?"

Wakaja wote. Dereva akainama, mikono nyuma, kama anayekagua tairi. "Mama, hili ni jino kweli."

"Lina mizizi miwili," Mwalimu akasema.

"Mnaona? Na mimi nimeona," akasema Redio kutoka mlangoni. Sikujua amefika lini. "Sikai, napita tu. Ila hilo ni jino."

Nesi hakucheka. Alikuwa ameshahesabu. "Mama, hiki kibati kimetoka wapi?"

"Nimekitengeneza."

"Kwa vifaa vya baba?"

"Kwa vifaa vya baba yako."

Uso wake ukabadilika. Namjua mwanangu, wodini anashika vidonda vya watu bila kukunja uso, lakini msiba wa baba yake hajaushika hata leo. "Vibati ni vya baba, mama," akasema taratibu. "Alivyoviacha ndivyo vilivyo. Tukianza kuongeza vyetu, kesho hatutajua cha kwake ni kipi."

Dereva akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Wakati huo huo Mkamwana akatokea jikoni anafuta mikono kwa kanga, kaja kutuambia chakula tayari. Akaona tumesimama kama tuko kwenye picha. Akafuata macho yetu hadi mtini.

Alitazama muda mrefu. Akasogea. Akashika ile biskuti kwa vidole viwili, akagusa upande ule mfupi.

"Si jino," akasema. "Ni kigoda."

Akaonyesha ule upande mfupi kwa kidole.

"Mguu huu ndio ninaouwekea boksi." Halafu akanigeukia. "Mama. Hiki nilikifunga mimi juzi."

"Ulikifunga."

"Ahaa!" Nesi akasema. "Basi amejitengenezea! Sheria inakataa."

"Hakujua ni chake," nikasema. "Nani anaweza kujitengenezea kitu asichokijua? Mwalimu, amua."

"Mimi ni mume wake, siwezi kuamua."

"Mimi naweza," Redio akadakia. "Mwenye kesi ni—"

"Redio!" tukasema wote.

Nikamgeukia binti yangu. Sikupaza sauti, kwa Nesi ukipaza unashindwa. "Mwanangu, ile nyundo pale. Nani aliitengeneza?"

Akaitazama nyundo.

"Nakuuliza tu, kwa sababu imepinda shingo. Baba yako hakuwahi kupinda bati hivyo maisha yake yote."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," akasema chini chini.

"Na ulikuja unalia, unasema kila mtu ana kibati, baba hana. Mwenyewe hakuomba. Ukaingia karakana ukatumia mkasi wake, ukajikata kidole hiki hapa. Alikwambia nini?"

Nesi akatazama kidole chake. Kisha akatazama changu, na kitambaa chake. Macho yakamjaa, lakini mdomoni kitu kama kicheko kikawa kinapigana kutoka.

"Alisema ni nyundo nzuri kuliko zote alizowahi kuona."

"Ilikuwa inafanana na nini?"

"Mwiko," akasema, na kicheko kikashinda. Dereva akaanza, Mwalimu akafuata, mtoto akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Mkamwana alicheka akilia, amejifunika uso kwa kanga, na Mwalimu akamshika bega mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Hata Redio alizimika kwa muda.

"Chakula kinapoa," nikasema, kwa kuwa ni lazima mtu mmoja aseme hivyo.

Tukaketi. Mimi kwangu, Dereva kwake, mtoto, Mwalimu. Nesi alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti chake. Kiti cha marehemu kilikuwa wazi kama siku zote. Na Mkamwana, macho bado mekundu na uso unang'aa, akapakua kila mtu, akachukua sahani yake, akageuka kwenda mlango wa jikoni. Mazoea yana taabu. Miguu ilimpeleka yenyewe.

"Wifi," Nesi akaita, kwa ile sauti ya kengele.

Mkamwana akasimama, sahani mkononi.

"Basi lako saa ngapi?"

"Saa nane."

Nesi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Akatutazama sisi, akatazama kile kiti kisichokaliwa, akakaa hivyo kidogo kama mtu anayesikiliza mluzi kutoka mbali.

"Utalikosa," akasema.

Akaenda hadi mlango wa jikoni, akainama, akakibeba kigoda kwapani pamoja na kile kipande cha boksi, akampita Redio aliyempisha njia bila kuambiwa, akatoka nacho nje bila kuongeza neno.